Bahasha mbili za bibi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, si kwamba nimeishiwa maneno, ni kazi tu. Leo nina jambo ambalo limenikaa kifuani na gazetini halikuenea. Mhariri wangu alitaka maneno 300 na picha moja ya watu wakiweka mashada kwenye makaburi ya Igoma, siku ya kumbukumbu ya MV Bukoba. Nikampa. Lakini habari yenyewe niliiacha nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, hapa hapa Mwanza, juu ya meza ya kulia chakula, ndani ya bahasha mbili.

Ngoja nianze na bahasha, historia inafuata.

Mnaosali Katoliki mnazijua bahasha za nia za misa. Unaandika jina lako, unaandika nia, unaweka sadaka, unapeleka ofisi ya parokia. Kila mwaka ikikaribia Mei 21 bibi huandika mbili. Ya kwanza ni kumwombea marehemu: jina la shangazi yangu, aliyekufa katika MV Bukoba akiwa na miaka 19. Ya pili ni shukrani: jina la baba mdogo, aliyekuwa kwenye meli ile ile, asubuhi ile ile, akatolewa majini akiwa hai. Kaka na dada, tiketi zilikatwa pamoja, wakitoka Bukoba kusalimia ukoo. Mmoja alirudi nyumbani kwa miguu yake. Mwingine hakurudi.

Mwaka mmoja katibu wa parokia alimshauri, kwa nia njema kabisa: "Mama, si ni siku moja na familia moja? Andika bahasha moja tu, tutaweka nia zote humo." Bibi akakataa. Katibu akacheka, akapokea zote mbili. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi na nilimsindikiza. Njiani nikamuuliza kwa nini amekataa, karatasi si ni ile ile? Akanijibu jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: "Nikiwaweka pamoja itaonekana kama mmoja alimlipia mwenzake. Mimi sikufanya biashara na Mungu."

Sasa historia.

Wengi wa rika langu mwaka 1996 ama hatukuwa tumezaliwa ama tulikuwa tunanyonya. Mimi nilikuja miaka miwili baadaye, na jina la shangazi nikapewa mimi. Kwa hiyo nirudie kwa ufupi. MV Bukoba ilikuwa meli ya Shirika la Reli, iliyoundwa mwaka 1979. Jioni ya Mei 20, 1996 iliondoka Bukoba kuja Mwanza, ikapitia Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Asubuhi ya Jumanne Mei 21, ikiwa imeshaikaribia Mwanza, iliyumba, ikalala ubavu, ikapinduka.

Wamekufa wangapi? Hapo ndipo pana jambo ambalo kila mwandishi wa habari wa nchi hii angepaswa kulijua. Hesabu zinazotajwa ni kati ya watu 800 na 1,000. Pengo la watu 200 jamani! Si kwamba hakuna aliyejali kuhesabu. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443, yaani orodha hiyo peke yake ilishapita uwezo wa meli nzima. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliolipa nauli ya chini waliingia na mikungu yao ya ndizi na watoto wao, na jina la mtu halikuandikwa popote.

Shangazi alikuwa daraja la tatu. Baba mdogo naye pia, ila alichoshwa na joto la kule chini, akapanda juu kupunga upepo. Ngazi chache tu. Ndiyo tofauti yote iliyokuwepo kati ya hao wawili. Haikuwa sala, wala dhambi, wala imani. Ni ngazi.

Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa na miezi sita tu Ikulu, alitangaza siku tatu za maombolezo. Lakini kuna sehemu ya msiba ule ambayo watu wazima wa Mwanza wakiisimulia hushusha sauti. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na ndani yake watu walikuwa hai, wamenaswa kwenye hewa iliyobaki. Waliofika juu ya lile tumbo la chuma waliwasikia wakigonga. Ikaamuliwa chuma kitobolewe ili watolewe. Tundu lilipofunguka, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, na meli ikashuka chini pamoja na wale waliokuwa wanagonga. Baadaye wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini walikuja kusaidia kutafuta miili.

Sijui mtu anaweza kusali namna gani baada ya kusikia mlio ule.

Na bado walisali. Misikiti ilisali, makanisa yalisali. Mimi nazungumzia upande ninaoujua. Nimekulia katika misiba ya Kikristo ya kanda hii, na nyote mnazijua kauli zetu: kazi ya Mungu haina makosa, sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi, tushukuru kwa yote. Nasikia zilisemwa sana mwaka ule. Bibi anasema aliyezisema hakuwa na ubaya. Mtu amekuja kukupa pole, mikono mitupu, atasema nini? Lakini moja aliikataa waziwazi, mbele ya waombolezaji, naye ni mwanamke ambaye hajawahi kukosa jumuiya hata wiki moja. Mzee mmoja aliposema kuwa ni mapenzi ya Mungu, bibi akamjibu: "Mzee wangu, Mungu hakuuza tiketi."

Kwa hilo, sheria nayo ilisema jambo linalofanana. Watumishi tisa wa Shirika la Reli, nahodha akiwamo, walifunguliwa mashtaka ya jinai, na serikali iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga. Maana yake nini? Maana yake taifa lenyewe lilikiri kwamba kuna maswali ambayo majibu yake hayapo mbinguni. Yapo gatini, kwenye mizani ya mizigo na kwenye daftari la abiria.

Hapa ndipo ninapoona tatizo la shukrani yetu ya haraka. Tunaitumia kama mfuniko. Msiba ukiwa mzito tunasema tushukuru, na mara tu tukishashukuru inakuwa utovu wa adabu kuuliza tena. Mtu akiendelea kulia mwezi wa tatu anaambiwa imani yake ni ndogo. Upande wa pili nao upo: tuliosoma kidogo, tunaojiona wajanja, tukiona mtu anamshukuru Mungu katikati ya balaa tunasema kalewa dini, hataki kuona ukweli. Bibi yangu hayumo katika kundi lolote kati ya haya mawili, na kwa muda mrefu sikujua nimweke wapi.

Nikaanza kujiuliza, hili amelitoa wapi? Nikamfuata mahali anapopenda kwenda kusali, Bukumbi.

Kama hujafika, Bukumbi ipo wilaya ya Misungwi, si mbali na Kigongo, pale linapoanzia Daraja la JP Magufuli lililofunguliwa Juni 19, 2025. Watu wengi sasa wanapita kasi kuelekea Sengerema na hawajui kwamba hapo pembeni ni moja ya misheni za kwanza kabisa za Kikatoliki katika ufukwe wetu. Ukisoma jinsi Ukristo ulivyofika huku utagundua kwamba makaburi yalitangulia makanisa. Waanglikana wa CMS walifika kusini mwa ziwa mwaka 1877 kupitia Kageye, ambayo leo ni wilaya ya Magu. Daktari wao, John Smith, alifariki hapo hapo Kageye mwaka huo huo. Desemba ya mwaka huo wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Wamisionari watatu, mwaka mmoja, kabla hata ya kanisa kusimama.

Wakatoliki nao, White Fathers, walikwenda Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa 1882 mambo yalipowawia magumu walivuka ziwa kuja kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Mwaka 1885 walirudi Buganda. Kilichofuata mnakijua: Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo wengi kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki na Waanglikana, na Juni 3, 1886 kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo. Wakatoliki 22 kati yao walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Ndio Mashahidi wa Uganda, ambao kila Juni 3 watu wetu hutembea kwa miguu mpaka Namugongo kuwakumbuka.

Kinachosimuliwa kwa nadra ni mwaka 1888. Mwanga alipinduliwa. Akakimbia kwa mtumbwi kuja kusini, akafikia Magu, na kutoka hapo akaja wapi? Bukumbi. Mfalme aliyeamuru moto aliomba hifadhi kwenye misheni ya wale wale waliowafundisha baadhi ya waliochomwa. Wamisionari wenyewe walikuwa wamefukuzwa Buganda mwaka huo huo. Wakampokea. Wakampa pa kulala. Mwaka uliofuata alirudi kwao kupigania kiti chake, na waliomsaidia kukipata walikuwa Wakristo.

Wanahistoria watakwambia kulikuwa na siasa ndani yake, na ni kweli, kulikuwa na siasa nyingi tu. Sitaki kuipamba. Lakini fikiria sala ya jioni pale Bukumbi mwaka 1888: majina ya waliochomwa miaka miwili iliyopita yanatajwa, na aliyewachoma amelala chumba cha jirani. Unaomboleza wafu wako, na unashukuru kwamba wewe mwenyewe umefika salama, na hakuna namna ya kuifanya moja iifute nyingine. Nadhani watu wa ufukwe huu walijifunza mapema kwamba imani haiji na chumba kimoja. Ina vyumba viwili, na mlango kati yake hauna komeo.

Hata misa yenyewe inasema hivyo ukitega sikio. Neno ekaristi ni la Kigiriki, maana yake shukrani. Na shukrani hiyo ya kwanza ilitolewa lini? Injili zinasimulia kwamba Yesu alichukua mkate akashukuru, mezani wakiwa na yule atakayemsaliti, saa chache kabla ya kukamatwa. Hakungoja mambo yawe mazuri kwanza. Na baada ya kushukuru hakujifanya jasiri, alikwenda bustanini akaingiwa na huzuni ya kufa, akaomba kikombe kimwepuke. Usiku mmoja, mtu mmoja. Kwa hiyo kila misa ya wafu mliyowahi kuhudhuria, kwa jina lake tu, ilikuwa misa ya shukrani. Bibi hajui Kigiriki, ila bahasha zake zinajua.

Kuna shukrani rahisi. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 14, 1999 akiwa na miaka 77, taifa lililia sana, lakini kushukuru hakukuwa kugumu. Kulikuwa na maisha marefu ya kushukuru kwayo. Shukrani ninayoiongelea hapa ni ile ya mama mwenye mtoto wa miaka 19 chini ya maji na mwingine wa miaka 23 kitandani anatetemeka kwa homa, na majirani hawajui waingie nyumba hiyo kwa pole au kwa hongera.

Na shukrani hiyo inaumiza watu. Hili nalo lisemwe. Katika jumuiya ya bibi kulikuwa na mama mmoja, nitamwita jirani tu, aliyepoteza mume na watoto wawili kwenye meli ile. Hakurudi hata mmoja. Wiki chache baada ya msiba bibi alisimama kwenye jumuiya akasema ametoa sadaka ya shukrani kwa ajili ya mwanawe. Jirani akanyanyuka, akachukua kanga yake, akatoka. Kwa miaka mingi walisalimiana kwa kichwa tu. Bibi hakuacha kushukuru, ila tangu siku ile hakushukuru tena kwa sauti. Akahamia kwenye bahasha.

Twende sasa Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kabla ya kufika gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Walikufa 228, wakaokolewa 41. Piga hesabu mwenyewe. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu MV Bukoba, na tulikuwa tumeshukuru na kusahau. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na wengi walizikwa pale pale Bwisya.

Siku mbili baadaye, wakati watu wameshaanza kuzungumzia majeneza tu, wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai. Alikuwa amejifungia ndani, kwenye hewa iliyobaki, karibu siku mbili. Nchi nzima ilipiga kelele za furaha. Nakumbuka redio, nakumbuka simu zinavyoita, watu wasiofahamiana wanapeana mikono stendi. Mungu ni mwema! Na alikuwa mwema, sibishi.

Jioni hiyo jirani alikuja kwa bibi. Alikuwa hajakanyaga pale kwa miaka 22. Mimi nilikuwepo, ndio nimeanza chuo, nimekuja likizo. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akasema: "Kumbe inawezekana."

Basi. Maneno mawili tu.

Nilichukua muda kuelewa. Kwa miaka 22 alikuwa amejituliza kwamba wale waliokuwa wanagonga ndani ya MV Bukoba wasingetoka kwa vyovyote. Sasa ameona kwenye televisheni mtu katolewa ndani ya chombo kilichopinduka, yu hai. Furaha ya nchi nzima ilikuwa imefungua kaburi lake upya. Bibi hakumwambia kazi ya Mungu haina makosa. Hakumtajia Ayubu. Aliketi sakafuni karibu na miguu yake, akashika goti lake, wakalia wote wawili mpaka giza likaingia na mimi nikaenda kuwasha taa.

Mei iliyofuata walikwenda Igoma pamoja. Asubuhi kabla ya kwenda walipitia ofisi ya parokia, na jirani naye alikuwa na bahasha mbili. Ya kwanza najua ina nini, majina matatu. Ya pili sijui aliandika nini. Bibi hakumuuliza, na mimi, pamoja na kazi yangu ya kuuliza watu maswali, sikuthubutu.

Mwaka huu nilikwenda nao nikiwa na daftari la kazi. Nilipowaona pale Igoma, wamesimama juu ya kaburi la pamoja ambalo hawajui kama lina watu wao au la, ndipo nilipoelewa zile bahasha ni nini. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Hakuna ofisi yoyote ya serikali ambako jina la shangazi liliandikwa siku ile alipopanda meli. Bibi ndiye orodha. Kila mwaka anaandika jina la aliyekufa, lisifunikwe na shukrani. Anaandika jina la aliyepona, lisizamishwe na msiba. Asingeshukuru, angemzika na yule aliyeokoka. Asingeomboleza, shukrani yake ingekuwa rushwa ya kumnyamazisha Mungu na wanadamu wasiulizwe kitu.

Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilipoangukia ziwani Bukoba, 19 walikufa na 24 walipona, wengi wao wakisaidiwa na wavuvi waliofika kwanza na mitumbwi. Kesho yake miili iliagwa uwanja wa Kaitaba. Siku hizo hizo taifa lilikuwa linamshangilia kijana mvuvi aliyekwenda kufungua mlango wa ndege. Nilimuuliza bibi kwa simu, tufanyeje, tulie au tushangilie? Akasema, "Bahasha ni bei gani siku hizi? Nunua mbili."

Nchi yetu imepita katika vipindi vigumu na kuna vingine vitakuja. Watatokea watu wa kutuambia tushukuru tunyamaze, na wengine watatuambia anayeshukuru amesaliti wafu. Mimi nimeamua kumfuata bibi. Nitalia na kuuliza nani aliuza tiketi, na nitashukuru kwa aliyetoka, na sitamruhusu mtu aniambie niandike nia zote kwenye bahasha moja.

Kama nawe una jina ambalo halimo katika orodha yoyote, liandike mahali.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.